Moto Uwakao na Moto wa Kishindo

Neno "moto" twalitumia kwa mambo mengi. Twasema moto wa jiko, moto wa shamba, moto wa bunduki na moto wa ndege. Neno ni moja, lakini wataalamu wamegundua kwamba mioto yenyewe ni ya namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kama ile ya mtumbwi unaochukuliwa na mkondo na mtumbwi unaotupwa na maporomoko. Namna ya kwanza ni moto uwakao, nao twaujua sote. Namna ya pili ni moto wa kishindo. Huo haulambi, hupiga.

Karibu injini zote za ndege na roketi zilizopata kuruka zimeendeshwa na moto wa kwanza. Moto wa pili ulihesabiwa kuwa adui, nao ulifukuzwa katika injini kwa kila njia. Lakini tangu miaka ya 1940 wataalamu wachache walianza kuuliza: Je, adui huyu hawezi kufanywa mtumishi? Hiyo ndiyo habari ya makala hii. Nayo yatuhusu sisi wa Kisangani kwa sababu mbili. Nchi yetu iliwahi kuwa uwanja wa roketi, na mji wetu uliwahi kupigwa na moto wa kishindo hata watu mamia wakafa. Yafaa basi tujue vizuri jambo lililotupita juu ya vichwa.

MOTO UWAKAO

Tuanze na moto tunaoujua. Kitu kikiwaka, huungana na oksijeni iliyo katika hewa, na muungano huo hutoa joto. Joto la sehemu inayowaka hupita hadi sehemu ya jirani, nayo ikipata joto la kutosha huwaka pia. Ndivyo moto utembeavyo: jirani humwamsha jirani. Mvuke wa petroli ukichanganyika vema na hewa iliyotulia, moto hupita ndani yake kwa mwendo wa sentimeta 40 hivi kwa sekunde. Mtu atembeaye kwa miguu aupita. Hewa ikivurugwa, moto huongeza mbio, lakini maadamu ni moto uwakao tu, haupiti mwendo wa sauti.

Ndege kubwa zinazoshuka katika uwanja wetu wa Bangboka hutumia moto wa namna hiyo. Mbele ya injini mna magurudumu yenye mapanga mengi, yanayovuta hewa na kuigandamiza. Hewa hiyo huingia katika chumba cha moto, nayo mafuta ya taa hunyunyizwa ndani na kuwaka bila kukoma. Hewa iliyopata moto hutanuka na kukimbilia nyuma. Njiani huzungusha gurudumu jingine, liitwalo turbini, ambalo ndilo linalozungusha yale ya mbele. Nguvu inayobaki hutoka nyuma kwa mbio, na ndege husukumwa mbele. Mwingereza Frank Whittle aliwasha injini yake ya kwanza ya namna hii tarehe 12 Aprili 1937. Mjerumani Hans von Ohain alimtangulia kuruka: ndege iliyobeba injini yake, Heinkel He 178, iliruka tarehe 27 Agosti 1939.

Roketi ni ndugu wa injini hiyo. Tofauti yake ni kwamba haivuti hewa. Huchukua oksijeni yake yenyewe pamoja na mafuta. Ndiyo sababu yaweza kufika mahali pasipo na hewa.

Sasa tushike jambo moja, maana ndilo kiini cha habari yote: mgandamizo una gharama. Kila kijana wa toleka anayejaza upepo gurudumu la baiskeli yake ajua hayo. Mwanzo pampu ni nyepesi. Kadiri upepo unavyojaa, mkono unachoka. Injini ya ndege nayo hulipa. Moto uwakao katika chumba kilicho wazi mbele na nyuma huongeza joto, lakini hauongezi mgandamizo hata kidogo; hata huupunguza kidogo. Mgandamizo wote lazima uletwe na yale magurudumu ya mbele, nayo hula sehemu kubwa ya nguvu ambayo injini imezalisha. Katika roketi ni vile vile. Mafuta yaingiapo katika chumba cha moto lazima yasukumwe kwa nguvu ipitayo ile iliyomo chumbani, la sivyo moto utarudi nyuma.

MOTO WA KISHINDO WAGUNDULIWA

Katika karne ya 19 machimbo ya makaa ya mawe ya Ulaya yalisumbuliwa sana na gesi inayotoka katika mwamba. Taa ya mchimbaji yaweza kuiwasha, na mara watu wengi hufa chini ya ardhi. Basi wataalamu wa Ufaransa walianza kuchungulia jinsi moto unavyotembea katika mabomba yaliyojaa gesi. Mwaka 1881 watu wawili wawili, kila kundi kwa kazi yake, walitangaza jambo la ajabu: Marcellin Berthelot na Paul Vieille kwa upande mmoja, Ernest Mallard na Henry Le Chatelier kwa upande wa pili. Waliona kwamba moto ukianza polepole katika bomba refu waweza kuongeza mbio zaidi na zaidi, kisha ghafla hubadilika tabia. Hautembei tena kwa sentimeta wala kwa meta chache. Katika mchanganyiko wa hidrojeni na oksijeni hupita meta 2,800 hivi kwa sekunde.

Tupime mwendo huo kwa njia yetu. Toka Kisangani hadi Ubundu ni kilometa 125 kwa reli. Moto ule wa petroli iliyotulia ungechukua siku tatu na nusu kufika. Sauti ya ngoma, kama ingeweza kusikika mbali hivyo, ingefika kwa dakika sita. Moto wa kishindo ungefika kwa sekunde 45.

Je, wawezaje kuishinda sauti? Msomaji aliyesimama kando ya Mto Kongo amwone mpiga ngoma wa Kilokele ng'ambo ya pili ajua kwamba mkono huonekana kwanza na sauti hufuata baadaye. Sauti ni habari inayopita hewani, meta 340 hivi kwa sekunde. Moto uwakao huja nyuma ya habari yake. Hewa iliyo mbele imekwisha kupata taarifa, nayo yasogea ipishe njia. Moto wa kishindo huja kabla ya habari. Hewa iliyo mbele haijui neno. Yapigwa, yabanwa mara moja hata kupata moto kwa kubanwa tu, nayo huwaka papo hapo. Huko kuwaka kwasukuma tena lile pigo, na pigo laendelea mbele. Pigo lawasha, na moto wapiga, haviachani.

Mfano wake waonekana pale Wagenia. Maji yashukayo mbio juu ya mawe yanapokutana na maji mazito chini, hayapungui polepole. Husimama mara moja kama ukuta mweupe. Upande huu maji ni membamba yenye mbio, upande wa pili ni mazito na ya juu. Ukuta kama huo, lakini wa hewa, ndio unaotangulia katika moto wa kishindo. Nyuma yake mgandamizo huruka mara 15 hata mara 20 kupita ule wa mbele. Mchanganyiko huo huo ukiwaka kwa kawaida katika chombo kilichofungwa kabisa, mgandamizo hupanda mara nane hivi. Na ukiwaka mahali pa wazi haupandi.

Hapa watu wengi hukosea. Hudhani kwamba kitu kilipukacho kina nguvu nyingi ndani yake kupita mafuta. Sivyo. Kilo moja ya mafuta ya taa ina joto nyingi zaidi kuliko kilo moja ya baruti kali. Tofauti haiko katika kiasi cha joto. Iko katika muda na katika mgandamizo.

Hesabu ya mambo haya ilitengenezwa na Mwingereza David Chapman mwaka 1899, na Mfaransa Émile Jouguet tangu mwaka 1905. Kisha, wakati wa vita kuu ya pili, watu watatu katika nchi tatu walieleza muundo wa wimbi lenyewe, pigo mbele na moto nyuma: Yakov Zeldovich katika Urusi ya Kisovyeti mwaka 1940, John von Neumann huko Marekani mwaka 1942, na Werner Döring huko Ujerumani mwaka 1943. Nchi zao zilikuwa vitani, nao hawakushirikiana, lakini walifikia neno moja. Ukweli hauulizi pasipoti.

MIOTO MIWILI KATIKA SILAHA MOJA

Mji wetu uliona mioto yote miwili kazini. Tangu tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000 majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani. Taarifa za Umoja wa Mataifa zasema kwamba makombora zaidi ya 6,000 yalianguka katika mji. Waliouawa miongoni mwa raia hukadiriwa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa ni zaidi ya elfu moja. Nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa, mashule yalipigwa, na kanisa letu kuu la Notre-Dame halikupona. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara iliyoyafanya katika nchi yetu.

Tulitazame kombora moja la siku zile. Ndani ya mzinga baruti huwaka. Ni moto uwakao, ingawa wa haraka. Hutoa gesi nyingi, na gesi hiyo husukuma kombora toka chini hata mdomoni. Kama moto huo ungekuwa wa kishindo, mzinga wenyewe ungepasuka na kumwua aliyeupiga. Lakini tumboni mwa kombora mna kitu kingine, na mbele yake mna fataki. Kombora ligongapo ardhi, fataki hupiga, na tumbo lote hugeuka gesi kwa moto wa kishindo, kwa mwendo wa meta elfu kadhaa kwa sekunde. Chuma hakipati nafasi ya kusukumwa. Hupasuliwa vipande vipande. Moto wa kwanza umesafirisha, moto wa pili umevunja.

Siri ya fataki iligunduliwa na Msweden Alfred Nobel katika miaka ya 1860, kabla ya kupata hati ya baruti yake ya dinamiti mwaka 1867. Aliona kwamba kitu kile kile chaweza kuwaka taratibu kikiguswa na moto mdogo, na chaweza kulipuka chote kikipigwa na kishindo kidogo. Kishindo huzaa kishindo.

Kwa sababu hiyo twawaasa wazazi. Vita vilipokwisha, makombora mengine yalibaki ardhini bila kupasuka. Chuma cha namna hiyo kikionekana shambani au katika msingi wa nyumba, watu wasidhani kwamba kimekufa kwa sababu kimepata kutu. Fataki haichoki kungoja. Hakihitaji moto; chahitaji kugongwa tu. Mtoto asikiguse, mfua chuma asikinunue. Wenye kazi hiyo waitwe.

ROKETI ZA KAPANI TONNEO

Sasa twende kusini, tuufuate mto kwa kurudi nyuma. Maji yapitayo Wagenia yametoka Lualaba, na Lualaba huko Ankoro hupokea mto uitwao Luvua. Juu ya bonde la Luvua, katika nchi ya Katanga iliyoitwa Shaba siku zile, pana kilima kipana cha Kapani Tonneo. Hapo ndipo roketi ziliporushwa toka ardhi ya nchi yetu.

Mjerumani Lutz Kayser alikuwa ameanzisha kampuni iliyoitwa OTRAG, akitaka kupeleka setilaiti mbinguni kwa bei nafuu. Mwaka 1976 alipatana na serikali ya Rais Mobutu. Kampuni ilipewa haki juu ya eneo la kilometa mraba 100,000 hivi hata mwaka 2000. Eneo hilo lakaribia mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Mwenyekiti wa baraza lake alikuwa Kurt Debus, aliyekuwa zamani mkuu wa kituo cha Kennedy huko Marekani, palipotoka watu waliokwenda mwezini.

Fikra ya Kayser ilikuwa nyepesi. Roketi yake ilikuwa mabomba membamba yaliyofungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja. Kila bomba lilikuwa na injini yake ndogo, likichoma mafuta ya taa pamoja na asidi ya nitriki. Na mgandamizo ulitoka wapi? Kayser hakutaka pampu, kwa kuwa pampu za roketi ni ghali sana, tena huharibika upesi. Alijaza mafuta na asidi kadiri ya theluthi mbili ya tangi, na theluthi iliyobaki aliijaza hewa iliyogandamizwa. Hewa hiyo ndiyo iliyosukuma kila kitu katika chumba cha moto.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, ya pili tarehe 20 Mei 1978, na zote mbili ziliondoka vizuri. Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978 mbele ya Rais Mobutu mwenyewe. Iliinuka, ikapinda, ikaanguka bondeni. Lakini si anguko hilo lililomaliza kazi. Nchi nyingine, na hasa Urusi ya Kisovyeti, zilishuku kwamba roketi za setilaiti zaweza kugeuzwa makombora ya vita. Mwaka 1979 kampuni iliondoka, ikaenda Libya.

Tumeeleza habari hii kwa sababu yaonyesha wazi ugumu wa moto uwakao. Mtu aukimbiaye mzigo wa pampu hupata mzigo mwingine. Hewa iliyogandamizwa yahitaji tangi lenye kuta imara, na kuta imara ni nzito. Tena, kadiri mafuta yapunguavyo, ile hewa hutanuka na nguvu yake hushuka, na injini hulegea. Kwa pampu au kwa hewa, mgandamizo lazima ulipwe kabla moto haujawashwa. Basi wengine walisema: Kama kuna moto unaojitengenezea mgandamizo wenyewe, kwa nini tusiutumie?

ADUI AGEUZWA MTUMISHI

Mwaka 1940 Zeldovich, yule tuliyemtaja, aliandika kwamba mafuta yakichomwa kwa moto wa kishindo yaweza kutoa kazi nyingi kupita yakichomwa kwa moto wa kawaida. Joto ni lile lile, lakini kwa kuwa limetolewa ndani ya gesi iliyobanwa sana, sehemu kubwa zaidi yaweza kugeuzwa kuwa msukumo, na sehemu ndogo zaidi hupotea bure. Fikra ilikuwa njema. Vyombo vya kuitimiza havikuwapo.

Mwaka 1944 Wajerumani walirusha juu ya London mabomu yenye mabawa, yaitwayo V-1. Injini yake iliwaka kwa mapigo, karibu mara 50 kwa sekunde, na mlio wake uliwatisha watu. Wengine wamedhani kwamba hiyo ilikuwa injini ya kishindo. Sivyo. Kila pigo lilikuwa moto uwakao tu, uliowashwa na kuzimika. Lakini umbo lake liliwafundisha watu kwamba injini si lazima iwake bila kukoma.

Katika roketi kubwa mawimbi ya mgandamizo yalikuwa tishio. Mwaka 1962 Wamarekani walipokuwa wakijaribu injini ya F-1, ile ambayo tano zake zingeinua roketi ya mwezi, Saturn V, injini moja iliharibika kabisa. Mawimbi yalizaliwa ndani ya chumba cha moto, yakazunguka na kupiga kuta mpaka chuma kikashindwa. Haukuwa moto wa kishindo kamili, lakini ni wa ukoo wake. Mafundi walifanya jambo la ujasiri: walitega mabomu madogo ndani ya injini inayowaka, wakayalipua kwa makusudi, wapate kuona kama injini yaweza kujituliza. Kisha waliweka kuta ndogo mahali mafuta yaingiapo, mpaka injini ikaweza kutulia kwa muda mfupi kuliko sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka 1969 watu walifika mwezini kwa injini hizo. Dawa ya moto ni moto.

Siku zile zile, huko Novosibirsk katika Siberia, Bogdan Voitsekhovskii alifikiri kwa njia nyingine. Badala ya kulifukuza wimbi linalozunguka, alilipa njia ya kuzungukia. Chukua sufuria ndogo uitie ndani ya kubwa: nafasi iliyo kati yake ni kama barabara ya mviringo. Gesi mpya huingia toka chini bila kukoma, na wimbi la kishindo hulizunguka duara hilo maelfu ya mara kwa sekunde, likichoma gesi mpya kila lipitapo. Hapana haja ya kuwasha tena na tena; wimbi lakimbiza mkia wake. Huko Marekani, J. A. Nicholls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walishughulika na fikra hiyo pia. Hata hivyo ilikuwa vigumu kulipima jambo linalotokea kwa sehemu ya milioni ya sekunde, na kazi ililala kwa miaka mingi.

MAJARIBIO YA MIAKA YA KARIBU

Katika karne hii kazi iliamka. Tarehe 31 Januari 2008, katika jangwa la Mojave huko Marekani, ndege ndogo iliruka kwa nguvu ya mabomba manne yaliyolipuka moja baada ya jingine. Iliruka kama sekunde kumi tu, chini chini juu ya uwanja. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kubebwa angani na moto wa kishindo.

Tarehe 27 Julai 2021 Wajapani, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nagoya, walirusha roketi ndogo iitwayo S-520-31. Ilipokwisha kupita hewa ya dunia, injini ya wimbi lizungukalo iliwashwa, ikafanya kazi kwa sekunde sita, na kusukuma kwa nguvu ya kuinua kilo 50 hivi. Mwaka huo huo Wapolandi nao walirusha roketi yenye injini ya namna hiyo. Huko Marekani shirika la NASA lilijaribu injini kama hiyo ardhini: mwaka 2022 iliwaka karibu dakika moja, na mwaka 2023 iliwaka sekunde 251, ikisukuma kwa nguvu ya kuinua tani mbili na zaidi. Chuma cha kawaida kisingevumilia joto hilo. Chumba chake kilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na madini mengine. Tarehe 14 Mei 2025 kampuni ya Venus Aerospace ilirusha roketi ndogo ya kishindo toka New Mexico.

TUPIME SASA

Basi, mioto hii miwili ikiwekwa katika mizani, ipi hushinda?

Moto wa kishindo una faida tatu. Kwanza, hujiletea sehemu ya mgandamizo, kwa hiyo pampu na magurudumu ya kugandamiza yaweza kuwa madogo. Pili, huchoma haraka sana, na chumba chake chaweza kuwa kifupi na chepesi. Tatu, kwa hesabu za Zeldovich, kwa mafuta yale yale twaweza kupata msukumo zaidi. Katika safari ya ndege kila kilo ya mafuta ina bei yake, na hata sehemu chache katika mia ni mali nyingi.

Hasara zake nazo ni nzito. Joto hupiga kuta kwa ukali kupita moto wa kawaida. Mgandamizo mkubwa hutaka kurudi nyuma katika mabomba ya mafuta kila wimbi lipitapo. Mafuta na hewa lazima vichanganyike kwa muda mdogo mno. Visipochanganyika vema, sehemu huwaka kwa njia ya kawaida na faida hupotea. Na turbini, iliyozoea upepo uendao sawasawa, hupigwa kama kwa nyundo. Ndiyo sababu faida iliyohesabiwa kwenye karatasi haijaonekana yote katika injini. Ndege zetu za abiria bado zaruka kwa moto uwakao, na roketi zinazopeleka setilaiti kadhalika.

Jambo la pili la kukumbuka ni hili: moto wa kishindo hauumbi nguvu mpya. Atakayewaambia kwamba ana injini itoayo nguvu isiyokuwamo katika mafuta, anawadanganya. Alicho nacho moto huu ni ustadi wa kutumia vizuri kile kilichokuwamo. Mkulima mwenye shamba lile lile aweza kuvuna zaidi akipanda kwa wakati wake, ardhi haikuongezeka.

Tena tusisahau sababu iliyoifunga Kapani Tonneo. Watu waliogopa kwamba chombo cha setilaiti chaweza kuwa chombo cha vita, na hofu yao haikuwa bure. V-1 ya London ilikuwa injini na bomu pamoja. Injini za kishindo nazo zatafutwa na wenye majeshi, kwa kuwa chombo chepesi na chenye mbio chawafaa. Elimu ya moto haichagui bwana wake. Mwenye kuchagua ni mtu.

Vijana wetu wanaosoma fizikia na kemia katika mashule ya Tshopo na katika Chuo Kikuu cha Kisangani wasidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Mwanzo wake si mashine kubwa. Mwanzo wake ni watu wanne, bomba refu, na swali lililotoka katika misiba ya wachimbaji: kwa nini moto huu ulikwenda polepole, kisha ukapiga? Mji huu umelipa gharama kubwa kwa kuujua moto wa kishindo upande wa mauti yake. Si haki watoto wake waujue upande huo tu.